Mtoto Wako Ana la Kusema: Tumsaidie Aliandike

Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tumezoea kuwaachia walimu peke yao, nalo ni kuwasaidia watoto wetu wajue kuandika na wapende kuandika. Hatuna maana ya kuchora herufi nzuri tu. Tuna maana ya mtoto kuchukua kalamu na karatasi, akaandika jambo lililo kichwani au moyoni mwake mwenyewe, na mtu mwingine akalisoma na kumwelewa.

Pengine mama mmoja atauliza, "Muuguzi na mambo ya insha, wapi na wapi?" Swali hilo ni la haki. Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tunakutana na kalamu kila siku. Kijana aliyemaliza darasa la saba anapewa fomu ajaze, anaitazama, kisha anamrudishia muuguzi na kusema, "Niandikie wewe." Kijana huyo anazijua herufi zote, na ukimpa maandishi anakili, atanakili bila kosa. Lakini akiombwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe maumivu yalianza lini na yalianzaje, kalamu inasimama. Kwa upande mwingine, yuko mama anayekuja na kijidaftari alichoandika siku homa ya mtoto ilipoanza, ameharisha mara ngapi na amepewa dawa gani. Mama wa namna hiyo huokoa muda, na wakati mwingine huokoa maisha ya mtoto, kwa kuwa anayemtibu hukuta habari kamili.

Kwa hiyo jambo hili linatuhusu. Tena mengi tutakayoyasema hapa yanaweza kufanyika nyumbani, jikoni na shambani, bila gharama kubwa.

KWA NINI WATOTO WANAIOGOPA INSHA

Tukitazama madaftari ya watoto wetu, mara nyingi tutakuta insha zinazofanana kama mayai ya kuku mmoja. Kichwa ni "Likizo Yangu". Darasa zima limekwenda Dar es Salaam kumtembelea mjomba, limeona bahari na kurudi na zawadi, wakati wengi wa watoto hao hawajavuka mji wa Same! Sababu yake ni kwamba mwalimu aliandika mfano ubaoni na watoto wakaunakili. Hatusemi hayo kwa kuwalaumu walimu. Tangu serikali ilipoondoa ada na michango ya lazima mwaka 2016, watoto wengi zaidi wameandikishwa shuleni, nalo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini mwalimu mwenye watoto sitini au zaidi darasani atasahihisha insha ngapi kwa usiku mmoja, na yeye ana mji wake na watoto wake?

Tangu mwaka 2015 madarasa ya kwanza na ya pili yamewekewa mkazo katika kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani zile KKK tatu. Huo ni msingi mzuri. Lakini msingi si nyumba. Mtoto aliyekwisha kujua kuunganisha silabi bado anahitaji sababu ya kuandika. Hapo ndipo sisi wazazi tunapoweza kumsaidia mwalimu, maana sababu hizo ziko nyumbani kwetu.

Mtoto huogopa insha kwa mambo mawili hasa. La kwanza, anaambiwa aandike juu ya jambo asilolijua. La pili, anajua kwamba atakayesoma karatasi yake anatafuta makosa tu. Tukiyaondoa mambo hayo mawili, tutashangaa jinsi kalamu inavyoanza kutembea.

AANZE NA LILE ANALOLIJUA

Huko New Zealand aliishi mwalimu mmoja mwanamke, jina lake Sylvia Ashton-Warner. Aliwafundisha watoto wadogo wa kabila la Maori, akaona kwamba vitabu walivyoletewa vilikuwa na maneno yasiyowagusa hata kidogo. Basi akawa anamwita kila mtoto karibu naye na kumwuliza neno analolitaka yeye mwenyewe siku hiyo. Mmoja alisema "mama", mwingine neno la kumtisha kama "mzimu". Mwalimu aliliandika neno hilo kwenye kipande cha karatasi ngumu, akampa mtoto liwe lake. Maneno hayo watoto waliyashika upesi, kwa kuwa yalitoka ndani yao. Kitabu alichoandika juu ya kazi yake kilichapishwa mwaka 1963, na hata leo walimu wa nchi nyingi hujifunza kwake.

Jambo hilo tunaweza kulifanya nyumbani. Jioni, wakati chakula kiko motoni, mwulize mtoto wako wa darasa la pili, "Neno lako la leo ni lipi?" Akisema "mbuzi", mwandikie, au kaka yake amwandikie. Kesho yake mwulize mbuzi amefanya nini. Atasema mbuzi amekula mahindi ya jirani. Hapo tayari amepata sentensi. Mwulize jirani alisema nini. Hapo amepata kisa, na bila shaka kisa hicho hakipo ubaoni shuleni.

Wale wakubwa kidogo waandike juu ya kazi wanazozifanya. Watoto wa Myamba wanaijua tangawizi kuliko mtaalamu yeyote anayetoka mjini. Wanajua jinsi ya kuchagua vipande vya mbegu vyenye macho, jinsi ya kupanda na kutandaza majani, na jinsi ya kungoja miezi mingi mpaka majani yakauke. Wanajua uzito wa gunia mgongoni, na wanajua uso wa baba siku bei inaposhuka. Wanajua zamu ya maji ya ndiva, na ugomvi unaotokea mtu anapofungulia maji usiku wakati zamu si yake. Mtoto akiambiwa, "Mwandikie mtu wa Dar es Salaam ambaye hajaona tangawizi ikiwa ardhini, umweleze hatua zote mpaka inafika sokoni", atakuwa na mengi ya kuandika kuliko nafasi ya ukurasa.

Hata mapishi ni somo. Mwambie binti yako, na mwanao wa kiume pia, aandike namna ya kupika makande kwa mtu ambaye hajapika hata mara moja. Kisha mfuate maagizo yake neno kwa neno. Kama amesahau kuandika kwamba maharage huoshwa, usiyaoshe. Mwoneshe tu sufuria na kumwuliza. Mtacheka pamoja, naye atajifunza kwamba msomaji hana njia ya kuingia kichwani mwa mwandishi. Lazima aelezwe.

Tusiiogope lugha ya nyumbani pia. Watoto wetu wengi huongea Kipare na bibi zao, Kiswahili shuleni, na wakifika sekondari wanakutana na Kiingereza. Mtoto akiwa na jambo gumu la kueleza, mwache alisimulie kwanza kwa Kipare, halafu aliandike kwa Kiswahili. Kipare ni lugha yenye utaratibu wake kamili. Mwaka 1909 mmisionari Mjerumani, Ernst Kotz, alichapisha kitabu kizima cha sarufi yake huko Berlin. Kama mgeni aliiheshimu lugha yetu kiasi hicho, sisi tusimchape mtoto kwa neno moja la Kipare lililoteleza katika insha.

BIBI AULIZWE

Njia nyingine tunayoipenda sana ni kumtuma mtoto kwa wazee akiwa na daftari. Njia hii ina historia kubwa hapa kwetu. Katika miaka ya 1960, Profesa Isaria Kimambo, mzaliwa wa Upare, alizunguka katika milima hii akiketi na wazee na kuwauliza juu ya koo, watawala na mambo ya kale. Kutokana na masimulizi hayo aliandika kitabu cha historia ya Wapare kilichotoka mwaka 1969. Wazee wengi aliowasikiliza walikwisha kufariki zamani, naye Profesa mwenyewe alifariki mwaka 2018. Lakini waliyoyasema yamebaki, kwa sababu yuko mtu aliyekaa chini akayaandika.

Ni Kimambo huyo huyo aliyeandika pia habari za mbiru, ile kodi iliyowekwa wakati wa ukoloni, ambayo kiasi chake kilitegemea kukadiriwa kwa mali ya mtu. Mwezi Januari 1945 maelfu ya wanaume wa Upare waliteremka mpaka Same na kukaa huko wakiikataa. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao walijitokeza kwa wingi kudai jambo hilo liishe. Baadaye kodi hiyo iliondolewa. Katika mapambano hayo watu wetu hawakutumia miguu yao tu, walitumia na kalamu. Waliandika malalamiko yao na kuyapeleka kwa wakubwa wa serikali. Mtoto akilisikia hilo, ataelewa kwamba barua iliyoandikwa vizuri inaweza kufika mahali ambapo mwenye barua asingeruhusiwa kuingia.

Sasa mtoto wako hahitaji kuandika kitabu. Mpe maswali matatu tu aende nayo kwa bibi au babu: Ulipokuwa na umri wangu ulikuwa ukifanya kazi gani asubuhi? Ni mwaka gani wa njaa unaoukumbuka, nanyi mlikula nini? Ni jambo gani lililokuwapo ambalo sasa halipo tena? Ayaandike majibu kama bibi alivyoyasema, kwa maneno ya bibi mwenyewe. Akirudi amsomee bibi alichoandika. Bibi atasahihisha, ataongeza, pengine atakataa. Tumeona watoto waliokuwa wakikimbia kazi ya insha wakirudi kwa bibi mara ya pili na ya tatu bila kutumwa. Na bibi ambaye hakuwa na mtu wa kuzungumza naye mchana kutwa amepata mgeni wa kudumu.

Wenzetu wanaosoma Biblia wataukumbuka mwanzo wa Injili ya Luka. Luka, ambaye alikuwa tabibu, anaeleza kwamba alichunguza habari kwa bidii tangu mwanzo ndipo akaandika kwa taratibu. Tena alimwandikia mtu mmoja mwenye jina, Theofilo. Kuuliza kwanza, kupanga, kisha kuandika kwa ajili ya mtu fulani ni utaratibu ambao hata mtoto wa darasa la tano anaweza kuufuata.

AWE NA MTU ANAYENGOJA KUSOMA

Hilo la mtu fulani tungependa kulikazia. Mtoto anayemwandikia mwalimu kwa ajili ya alama huandika kidogo. Mtoto anayemwandikia shangazi yake anayemngoja huandika sana. Maandishi makubwa ya Kiswahili yametoka katika mapenzi ya namna hii. Mwana Kupona binti Msham, mama wa pwani ya kaskazini ya Kenya, alitunga utenzi wake maarufu mnamo mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, wakati yeye mwenyewe akiwa mgonjwa. Hakuandika ili asifiwe. Alikuwa mama aliyehofu kwamba hatakuwapo kumfundisha binti yake, akaacha mawaidha yake katika maandishi. Shaaban Robert naye, mzaliwa wa Tanga, aliwatungia watoto wake tenzi za mawaidha. Tena kwa miaka mingi, tangu 1931 hadi 1958, alikuwa akimwandikia barua ndugu yake Yusuf Ulenge, kumweleza habari za kazi, fedha, magonjwa na misiba. Barua hizo zilikusanywa na kuchapishwa mwaka 2002. Yule tunayemwita bingwa wa Kiswahili alikuwa pia ndugu wa kawaida anayemwandikia ndugu yake.

Huko Ufaransa mwalimu Célestin Freinet alijeruhiwa mapafu katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Hakuweza kusema kwa muda mrefu mbele ya darasa. Akawa anawatoa watoto nje ya darasa, wanatazama mafundi na mashamba ya kijiji chao cha Bar-sur-Loup, kisha wanarudi na kuandika waliyoyaona. Mwaka 1924 alipata mashine ndogo ya kuchapia, watoto wakachapa maandishi yao wenyewe na kuyapeleka kwa watoto wa shule nyingine ya mbali, nao wakaletewa ya wenzao. Watoto wa milimani wakawa wanawaeleza wa baharini habari za milimani. Walisahihisha makosa yao wenyewe, kwa maana hawakutaka wenzao wasiwaelewe.

Hapa Myamba hatuna haja ya mashine. Madarasa mawili ya shule ya Jumapili, moja la huku juu na jingine la kule tambarare Ndungu au Kihurio, yanaweza kubadilishana barua kwa mkono wa mtu anayeteremka sokoni. Watoto wa juu waeleze ukungu, baridi na tangawizi. Wa chini waeleze mpunga, joto na tembo wanaotoka Mkomazi. Nyumbani nako, baba akiwa kazini mbali, mtoto amwandikie barua hata kama simu ipo. Simu huisha salio, na maneno yake hupotea. Barua baba ataikunja na kuiweka mfukoni, ataisoma tena siku akiwa mpweke. Tunawaomba akina baba nao wajibu. Barua isiyojibiwa humfundisha mtoto kwamba kuandika ni kazi bure.

SANDUKU LA MASWALI

Sasa tunakuja kwenye jambo ambalo sisi kama wauguzi tunalipa uzito wa pekee. Katika darasa letu la watoto kanisani tumeweka sanduku la viatu lenye tundu juu. Mtoto yeyote anaweza kuandika swali au neno lolote na kulitumbukiza. Anayetaka kuandika jina huandika, asiyetaka haandiki. Maswali ya kawaida tunayajibu mbele ya wote.

Yanayokuja humo hutuonesha jinsi watoto wanavyobeba mambo mengi kimya kimya. Msichana mmoja aliandika kwamba ametoka damu siku mbili na hajamwambia mtu, akauliza kama ugonjwa huo unaua. Huyo alikuwa amevunja ungo tu, wala hakuwapo mtu aliyemwandaa. Fikiri, mama, siku mbili mtoto anangoja kufa ndani ya nyumba yenye mama! Mvulana mwingine aliuliza kama mtu akilala bila kula mara tatu kwa wiki atashindwa mtihani. Kwa swali hilo moja tulijua tuende nyumba gani, na wanawake wa kanisa wakapeleka mahindi bila kelele.

Siku nyingine tulikuta karatasi ndogo yenye jina la mtoto na sentensi moja tu. Aliomba mama yake aambiwe asimtume tena jioni kufuata maziwa katika nyumba fulani. Hakueleza sababu. Mtoto huyo alikuwa mkimya, na tunaamini kwa kinywa asingesema kamwe. Kalamu ilimwezesha kusema. Mama yake aliambiwa siku ile ile, kwa siri, na hatua zikachukuliwa na wanaohusika. Mengine si ya kuandikwa hapa.

Ndiyo maana tunasema kuandika si anasa ya watoto wa mjini wenye vitabu vingi. Mtoto anayejua kuandika lililo moyoni ana mlango mmoja zaidi wa kutokea. Zekaria, baba yake Yohana Mbatizaji, alipofungwa ulimi aliomba kibao aandike. Watoto wetu nao wako wanaofungwa ulimi, wengine kwa aibu, wengine kwa vitisho.

Lakini mama, ukifungua mlango huo, ujiandae. Ukikuta maneno ya namna hiyo kwenye daftari la mwanao, fuata mambo haya:

1. Usisome kwa sauti mbele ya wengine, wala usimkaripie kwa kuandika "mambo ya aibu".

2. Mshukuru kwa kukuambia. Mwambie hana kosa.

3. Msikilize mara moja kwa utulivu. Usimhoji tena na tena kama mshitakiwa, wala usimwite anayetuhumiwa ili "wakutanishwe".

4. Kama ameingiliwa, mfikishe kwenye kituo cha afya haraka, siku hiyo hiyo, asiogeshwe kwanza wala nguo zake zisifuliwe. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo bora.

5. Toa taarifa kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi. Iko pia simu ya msaada kwa watoto, namba 116, ambayo haitozwi fedha.

6. Usikubali mambo yamalizwe kifamilia kwa mbuzi na pombe. Mtoto atajifunza kwamba aliandika bure.

NAMNA YA KUSAHIHISHA

Akina mama wengi huuliza, "Je, tusisahihishe makosa?" Tusahihishe, lakini kwa mpango. Mgonjwa mwenye majeraha kumi hatumshiki yote kwa mara moja. Mtoto akikuletea alichoandika, kwanza soma mpaka mwisho kama msomaji. Cheka panapochekesha. Sema jambo moja lililokupendeza, nalo liwe la kweli. "Hapo uliposema babu alikohoa kabla ya kudanganya, nimemwona kabisa babu." Kisha uliza swali moja la kutaka kujua zaidi: "Huyo mbuzi alikuwa wa nani?" Akijibu, mwambie aliongeze hilo. Mwisho chagua kosa la aina moja tu la kusahihisha siku hiyo, kwa mfano herufi kubwa mwanzo wa sentensi, au r na l. Kesho lingine. Karatasi iliyojaa wino mwekundu hairudiwi kusomwa na mtoto yeyote.

Tena tusiitumie kazi ya kuandika kama adhabu. Mtoto aliyekosea akiandikishwa mara mia "Sitarudia tena", tumemfundisha kuichukia kalamu kwa mikono yetu wenyewe.

Na mama ambaye hakubahatika kusoma afanye nini? Huyu tunamwambia asijiondoe, kwa kuwa ana kazi kubwa kuliko wote. Mwambie mwanao akusomee alichoandika, nawe usikilize huku ukichambua mboga. Ukikosa kuelewa mahali, mwambie, "Hapo sijaelewa." Hapo umesahihisha, tena sawasawa. Mwambie pia aandike kwa niaba yako: orodha ya vitu vya sokoni, hesabu ya waliokukopa, ujumbe kwa mwalimu. Wazee wetu wengi walijifunza kusoma ukubwani katika miaka ya 1970, baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Waliketi madarasani na watoto mgongoni. Basi hata leo mama akiomba mwanawe amwoneshe herufi, hakuna aibu, na mtoto anayefundisha huandika vizuri zaidi.

TUANZE NA KIDOGO

Vifaa havihitaji fedha nyingi. Daftari moja la kurasa arobaini liwe "daftari la nyumbani", lisichanganywe na la shule, na lisitolewe alama. Penseli moja ifungwe kwa uzi kwenye msumari ili isipotee. Muda wa robo saa baada ya chakula unatosha, mara mbili au tatu kwa juma. Kama nyumba ina watoto kadhaa, wanaweza kuandika hadithi moja kwa zamu: mkubwa anaanza, anafikisha sungura mahali pa hatari, mdogo anamtoa au anamzamisha. Wakati wa kuvuna na kubeba tangawizi, watoto wakichoka, waache wapumzike. Daftari halitakimbia.

Tunawaomba mwezi huu kila mama afanye jambo moja kati ya haya tuliyoyataja. Umtume mtoto kwa bibi na maswali matatu, au aandike barua moja na ijibiwe, au uweke sanduku katika darasa la watoto la kanisa lenu. Akina mama wa jumuiya mnaweza kukubaliana siku moja watoto wakasomeana walichoandika, na wazee waalikwe. Hakuna haja ya zawadi kubwa. Makande na chai ya tangawizi vinatosha, na mzee mmoja akisimama kusema, "Nimesikia, mjukuu wangu", mtoto huyo ataandika tena.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya vidonda vya miguu kwa watoto wanaotembea umbali mrefu kwenda shule. Mpaka wakati huo, tunawatakia afya na amani majumbani mwenu.